Kanisa Kuu la Chartres: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitoka Paris kwa treni kuelekea kusini-magharibi, baada ya saa moja hivi nyumba zinakwisha na yanaanza mashamba ya ngano ya Beauce, tambarare kama sakafu. Kabla hujauona mji, unaona minara miwili isiyofanana imechomoza juu ya ngano. Ndilo Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Chartres. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa mara nyingi na wanaparokia, wanafunzi wa historia na wanaojiandaa kwenda kuhiji. Mengi yanarudi kwenye mambo mawili: kitambaa kimoja kilichohitaji nyumba, na mwanga uliohitaji njia ya kuingia.

Kwa nini kanisa kubwa namna hii lipo katika mji mdogo?

Kwa sababu ya kitambaa hicho. Inasimuliwa kwamba mwaka 876 mfalme Charles, aliyeitwa Mwenye Upara, alilipa kanisa la Chartres vazi lililoaminika kuwa alilivaa Bikira Maria alipomzaa Yesu. Wenyewe walidhani ni shimizi. Mwaka 911 Wanormani wakiongozwa na Rollo walipouzingira mji, askofu alilitoa vazi lile na kulionyesha mbele ya adui, na mji ukapona. Tangu hapo Chartres ikawa mahali pa kuhiji.

Mahujaji walikuja na fedha, na fedha zikaleta soko. Sikukuu nne za Bikira Maria, yaani Kutolewa Bwana Hekaluni, Kupashwa Habari, Kupalizwa Mbinguni na Kuzaliwa kwake, ziliambatana na magulio makubwa kuzunguka kanisa. Mji ulikula na kuvaa kwa ajili ya Maria. Tukisema walijenga kwa imani tu, au kwa biashara tu, tutakuwa tumewapunja. Kwao mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja.

Je, ni kweli ni nguo ya Bikira Maria?

Hilo haliwezi kuthibitishwa. Sanduku lilipofunguliwa mwaka 1712 ilionekana si shimizi hata kidogo, bali kitambaa kirefu cha hariri. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa kilikatwakatwa, na kipande kilichobaki kipo kanisani hadi leo. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba watu waliopandisha mawe yale waliamini, na jengo lote ni ushahidi wa imani yao.

Lilijengwa lini hasa?

Inategemea unauliza sehemu gani, maana kanisa hili limeungua mara nyingi na kila moto umeacha kitu.

Mwaka 1020 kanisa la zamani liliteketea. Askofu Fulbert, mwalimu aliyesifika Ulaya nzima, akajenga jingine kubwa. Sehemu yake ya chini, yaani kanisa la chini ya ardhi, bado ipo, na ni miongoni mwa makubwa kabisa nchini Ufaransa. Mwaka 1134 moto mwingine uliunguza mji na kuharibu upande wa mbele wa kanisa. Kutokana na huo ikaanza minara ya magharibi, na katikati ya karne ya 12 ukachongwa mlango mkuu unaoitwa Mlango wa Kifalme.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 10 Juni 1194. Kanisa la Fulbert likaungua karibu lote. Watu wa Chartres waliona maafa mawili kwa pamoja: nyumba imekwisha, na vazi nalo wakadhani limekwenda nayo. Wengine walisema Bikira Maria ameuacha mji. Kardinali Melior wa Pisa, mjumbe wa Papa aliyekuwepo, alikusanya umati na kuwasihi wajenge upya. Ndipo wakatokea mapadre wamebeba sanduku likiwa zima. Walikuwa wamejifungia nalo chini ya ardhi siku tatu, juu yao kanisa likiporomoka. Kilio kikageuka shangwe. Watu wakaelewa tukio lile kwa namna yao: Maria ameruhusu nyumba yake iungue kwa sababu anataka nzuri zaidi.

Kasi ya ujenzi baada ya hapo inashangaza. Kufikia miaka ya 1220 dari la mawe lilikuwa limekwisha, karibu miaka 30 tu tangu moto. Makanisa makuu mengine yalichukua karne nzima au zaidi. Ndiyo maana Chartres ina umoja ambao ni nadra: aliyeweka jiwe la msingi akiwa kijana aliweza kuliona dari akiwa mzee. Kanisa liliwekwa wakfu tarehe 24 Oktoba 1260, mfalme Louis wa 9 akiwepo, yule ambaye Kanisa Katoliki linamheshimu kama mtakatifu.

Msanifu wake ni nani?

Jina lake halikuandikwa popote. Tunajua kazi ya mikono yake tu.

Nani alilipa gharama?

Askofu na makanoni waliosimamia kanisa walikubali kutoa sehemu kubwa ya mapato yao kwa miaka mitatu. Wafalme na watawala walichangia madirisha, na masalia matakatifu yalizungushwa kukusanya sadaka.

Nguvu za mwili nazo zilitolewa. Mwandishi wa wakati ule, Robert wa Torigni, anaeleza kwamba mwaka 1144, minara ilipokuwa ikijengwa, watu wa Chartres walijifunga kamba wenyewe na kuyavuta magari ya mawe na mbao, matajiri kwa maskini. Sisi tungeuita msaragambo, au harambee. Mawe yalichimbwa Berchères, kilomita kama 10 kutoka mjini. Ni mawe ya chokaa magumu, na katika vipande vingi utaona matundu madogo.

Lakini tusipake rangi nzuri kila kitu. Makanoni walikuwa mabwana wenye ardhi na kodi zao, na mwaka 1210 wananchi waliwafanyia ghasia, wakashambulia nyumba ya mkuu wao. Kanisa lilikuwa likipanda angani wakati waliolijenga wakigombana chini yake.

Mawe mazito hivyo yanasimamaje juu, na kuta zimejaa madirisha?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu.

Dari la ndani liko juu kiasi cha mita 37, na sehemu ya kati ina upana wa mita 16 na kidogo. Dari hilo ni mawe matupu. Jiwe lililoko juu ya tao halitaki kushuka tu, linataka pia kusukuma kuta kwenda nje, kama mtu aliyepanua miguu kwenye sakafu ya utelezi. Wajenzi wa zamani walijibu kwa kujenga kuta nene zenye madirisha madogo. Ndani kukawa na giza.

Fundi wa Chartres aliunganisha mambo matatu. La kwanza, tao lililochongoka juu, ambalo huelekeza uzito chini zaidi kuliko tao la duara. La pili, mbavu za mawe zinazokatizana chini ya dari, ambazo ziliwasaidia waashi kuligawa dari vipande vinne vinne na kuujenga kila mgawanyo kwa zamu. Uzito hukusanyika kwenye pembe nne za kila mgawanyo, na pembe hizo hukaa juu ya nguzo. La tatu ni matao ya egemeo yaliyo nje ya jengo: mikono ya mawe inayotoka kwenye nguzo nzito za nje, inavuka hewani juu ya paa la pembeni, na kuushika ukuta pale hasa dari linaposukuma. Ukizunguka kanisa kwa nje utaona mikono hiyo imepangwa kwa ngazi, miwili ya chini ikiunganishwa na vinguzo vifupi kama njiti za gurudumu.

Matokeo yake, ukuta uliopo kati ya nguzo na nguzo hauna tena mzigo wa kubeba. Ukiutoa, jengo halitaanguka. Basi wakautoa, wakaweka kioo.

Makanisa ya kabla yake yalikuwa na ghorofa ya njia pana juu ya matao ya chini, iliyosaidia kuimarisha kuta. Chartres ikaiondoa. Ndani kuna ngazi tatu tu: matao ya chini, ujia mwembamba wenye vinguzo, na madirisha ya juu yanayokaribia kulingana kimo na matao ya chini. Kila dirisha la juu ni mawili marefu yenye duara moja kichwani. Mpango huo ukaigwa na kuendelezwa katika makanisa makuu ya Reims na Amiens. Kwangu hili ndilo jengo lililofungua mlango, wengine wakapita.

Tao lililochongoka ni uvumbuzi wa Wazungu?

Hapana. Lilitumika nchi za Kiislamu zamani sana kabla ya kuonekana Ufaransa. Msikiti wa Ibn Tulun wa Cairo, ulioanza kujengwa mwaka huohuo wa 876 tulioutaja kwa habari ya vazi, una safu ndefu za matao ya namna hiyo. Msomaji wa pwani amekwisha kuyaona kwenye magofu ya Gedi. Walichofanya Wafaransa ni kuliunganisha tao hilo na mbavu na matao ya egemeo ili wapate nafasi ya kioo.

Kwa nini minara haifanani?

Ule wa kusini ni wa karne ya 12, umejengwa kwa mawe hadi kileleni, laini usio na mapambo mengi, una urefu wa mita 105 hivi. Ulinusurika moto wa 1194. Wa kaskazini ulikuwa na kilele cha mbao na madini ya risasi hadi radi ilipokipiga mwaka 1506. Fundi Jean Texier, maarufu kama Jehan de Beauce, akajenga kilele kipya cha mawe kati ya 1507 na 1513, chenye nakshi nyingi kama kazi ya uzi, na kimefika mita 113 hivi. Kwa hiyo mnara mrefu zaidi unaitwa Mnara Mpya, ingawa una zaidi ya miaka 500. Mimi wa kusini unanigusa zaidi, kwa utulivu wake.

Ni nini cha pekee katika vioo vyake?

Kwanza ni kwamba vipo. Makanisa mengi yalipoteza vioo vya asili kwa vita, mawe ya watoto au mitindo ya nyakati. Chartres ina madirisha zaidi ya 170, yenye eneo la takriban mita za mraba 2,600, na sehemu kubwa ni kioo cha karne ya 12 na ya 13.

Rangi haikupakwa juu. Ilichanganywa na kioo kikiwa bado kinatokota: kobalti kwa buluu, shaba kwa nyekundu na kijani, manganizi kwa zambarau. Nyekundu ilikuwa na matatizo yake, kwani kioo chake kikiwa kinene huonekana cheusi. Mafundi wakakitandaza kama utando mwembamba juu ya kioo cheupe. Vipande vilikatwa, sura za nyuso na mikunjo ya nguo zikachorwa kwa rangi nyeusi-kahawia na kuchomwa tanurini, kisha vyote vikashonwa kwa vipande vya risasi.

Buluu ya Chartres ndiyo watu wanayoizungumza. Itazame kwenye madirisha matatu marefu ya magharibi, yaliyookoka moto wa 1194. Moja ni Shina la Yese, ukoo wa Yesu ukipanda kama mti kutoka kwa mzee aliyelala, mfalme juu ya mfalme. Karibu na kwaya, yaani sehemu ya kanisa iliyo upande wa altare, kusini, yupo Mama Yetu wa Kioo Kizuri, Bikira Maria aliyevaa buluu nyepesi kwenye usuli mwekundu. Sehemu yake ya katikati ilitengenezwa miaka ya 1180 hivi, ikaokolewa motoni na kuwekewa malaika wapya pembeni.

Madirisha makubwa ya waridi yako matatu. La kaskazini lilitolewa na Blanche wa Castile, mama wa mfalme Louis, nalo limejaa ngome, alama ya Castile, na maua, alama ya Ufaransa. Chini yake amesimama Anna akimbeba Maria mtoto, pembeni wapo Melkisedeki, Daudi, Solomoni na Haruni. La magharibi linaonyesha Hukumu ya Mwisho. La kusini linamwonyesha Kristo katika utukufu, na chini yake kuna jambo la ajabu: Wainjili wanne wamebebwa mabegani na manabii wanne. Mathayo yuko juu ya Isaya, Luka juu ya Yeremia, Yohane juu ya Ezekieli, Marko juu ya Danieli. Wainjili ni wadogo kama watoto, manabii ni majitu. Lakini aliye begani anaona mbali zaidi ya aliyembeba.

Na hapohapo Chartres, karne moja nyuma, mwalimu Bernard alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwamba sisi ni vibeti tuliokaa mabegani mwa majitu. Maneno hayo tumeyapata kupitia kwa Yohane wa Salisbury, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Chartres. Kama mchora kioo aliyasikia au la, mimi kila nikilitazama dirisha lile namsikia Bernard.

Wale watu wanaofanya kazi chini ya madirisha ni kina nani?

Ni mafundi na wachuuzi wa mji: waoka mikate, washona viatu, wauza manyoya, wahunzi, waunda magurudumu, wabeba divai, na hata wachonga mawe wenyewe. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kila chama kililipia dirisha lake. Wanahistoria wengine wanaona makanoni ndio waliochagua picha hizo, ili kuonyesha mji wanaoutaka. Mjadala haujafungwa. Hata hivyo, mwoka mikate amekaa chini ya manabii kwa miaka 800, na hilo lina uzito wake.

Sanamu za Mlango wa Kifalme zinaonyesha nini?

Wafalme na malkia wa Agano la Kale, wembamba na warefu kama nguzo walizosimamia, nyuso zao zimetulia. Juu katikati yupo Kristo akizungukwa na viumbe wanne wa Ufunuo.

Usipite bila kutazama tao la mlango wa kulia, wa Bikira Maria. Limezungukwa na elimu saba zilizofundishwa shuleni: sarufi, mantiki, ufasaha, hesabu, jometria, muziki na elimu ya nyota. Sarufi ameshika fimbo, mbele yake watoto wawili, mmoja mtiifu na mmoja mtundu. Chini ya elimu hizo wameketi wanafalsafa wa kale wakiandika, akiwemo Aristotle. Wapagani, mlangoni pa kanisa! Shule ya Chartres iliamini kwamba akili ni zawadi ya Mungu na haina haja ya kubaki nje.

Ile duara kubwa sakafuni ni ya nini?

Ni njia ya mzunguko iliyowekwa mwanzoni mwa karne ya 13, upana wake karibu mita 13. Haina mahali pa kupotea: ni njia moja tu, inayopinda na kurudi kwa zaidi ya mita 260 hadi katikati. Watu huitembea wakisali. Siku nyingi imefunikwa na viti, na kwa kawaida hufunguliwa Ijumaa kuanzia Kwaresima hadi karibu na Watakatifu Wote.

Nani wamezikwa ndani?

Hakuna. Makanisa makuu mengine yamejaa makaburi ya maaskofu na wafalme. Hili lilitunzwa kama chumba cha Bikira Maria.

Limenusurikaje miaka yote hii?

Halikunusurika bila majeraha. Katika karne ya 18 makanoni wenyewe waliondoa baadhi ya vioo vya kwaya ili sanamu mpya ya Kupalizwa Mbinguni, kazi ya mchongaji Bridan, ipate mwanga zaidi. Najua walikuwa na nia njema, lakini moyo unauma. Mwaka 1793 wanamapinduzi walichoma sanamu ya kale ya Maria iliyokuwa chini ya ardhi, na risasi ya paa ikaondolewa. Kulikuwa na mpango wa kulibomoa kabisa. Husimuliwa kwamba mjenzi mmoja aliuliza kifusi chote kile kitawekwa wapi, na jibu likakosekana.

Tarehe 4 Juni 1836 mbao za paa, nyingi kiasi kwamba ziliitwa "msitu", ziliteketea. Dari la mawe lilihimili moto uliokuwa juu yake, na vioo vikapona. Paa la leo ni la kiunzi cha chuma kilichofunikwa shaba, ndiyo sababu ya rangi yake ya kijani.

Mwaka 1939, vita ikinukia, mafundi waliyashusha madirisha kipande kwa kipande na kuyaficha mbali. Kisha Agosti 16, 1944, jeshi la Marekani likipigania mji, ilidhaniwa Wajerumani wanautumia mnara kuelekezea mizinga. Kanali Welborn Griffith hakukubali kanisa lipigwe kabla ya kuhakikisha. Alikwenda mwenyewe akapanda mnarani, akakuta hakuna adui, akaashiria lisipigwe. Siku hiyohiyo aliuawa Lèves, kijiji cha jirani. Mtu huyo anastahili kuombewa na kila anayeingia pale.

UNESCO ililiandikisha kama urithi wa dunia mwaka 1979.

Kwa nini ndani ni peupe? Picha za zamani zinaonyesha weusi.

Weusi ule ulikuwa moshi wa mishumaa na mavumbi ya karne nyingi. Katika ukarabati wa karibuni kuta zilisafishwa na kurudishiwa rangi ya manjano hafifu yenye mistari myeupe inayoigiza viungo vya mawe, kwa sababu mabaki ya rangi hiyo ya karne ya 13 yalikutwa chini ya masizi. Wengi walilalamika, hasa sanamu iitwayo Bikira Mweusi wa Nguzoni ilipobaki na uso mweupe. Nawaelewa: watu walishamzoea Mama mweusi na kumpelekea machozi yao, na weusi ule wa sala ulikuwa nao historia. Kuhusu kuta, nadhani mafundi walikuwa sahihi.

Afrika Mashariki kuna kanisa la mtindo huu?

La umri huo halipo. Mtindo, ndiyo. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, lina matao yaliyochongoka na vioo vya rangi. Kama huna nauli ya Ulaya, ingia pale uangalie dari.

Nikienda, nianzie wapi?

Kuingia ni bure. Ingia asubuhi kwa mlango wa magharibi, usitoe simu, simama dakika kumi macho yazoee. Jua likiwa mashariki, madirisha ya kwaya ndiyo yanayowaka. Mchana hamia kusini kwa Wainjili na manabii. Jioni geuka utazame ulikoingilia: jua linazama nyuma ya Shina la Yese, na ile buluu inashuka hadi sakafuni. Beba darubini ndogo, maana mambo mengi yamechorwa juu kuliko jicho linavyofika.